Rimu za Dhahabu Upande wa Kushoto

Jumapili, 17 Agosti

Siku ya ishirini na mbili tangu niwe mke wa Ferdinand! Bado nikiamka naipapasa pete kwanza, ndipo nitafute kandambili. Leo kanisani alinishikia kitabu cha nyimbo, kitabu chenyewe chepesi kama andazi. Mume gani huyu, jamani!

Mchana kamati ya harusi ya shemeji Benjamin ilikaa uwanjani kwetu, hapa Mbagala. Nilipika pilau. Benjamin ni mdogo wake Ferdinand wa kuzaliwa tumbo moja. Jumamosi hii anamwoa Monica, binti wa watu wa Mbweni, kwenye zile nyumba ambazo geti linafunguka lenyewe kama limeitwa jina. Mwenyekiti wa kamati ni Baba mdogo Gaudens. Katibu ni Ferdinand wangu. Mwandiko wake! Hata akiandika "maji katoni kumi" inasomeka kama barua ya mapenzi.

Ajenda ya mwisho: gari la maharusi. Ferdinand akanyoosha mkono, akasema kwa heshima zote kwamba angeomba kumbeba mdogo wake kwa IST yetu. Hapo Isack, binamu yake, mwenye lile gari jeupe refu kama jokofu lililolazwa, akacheka mpaka akapaliwa na pilau langu. Akasema IST ni gari zuri sana la kubebea ndafu. Mbuzi akishachomwa, alisema, hana haja ya kunyoosha miguu. Wote wakacheka! Halafu akaongeza, kama kawaida yake, kwamba sisi wenyewe tungefikaje ukumbini siku yetu bila gari lake? Tangu tuoane ameuliza hivyo mara nne. Nahesabu.

Baba mdogo akasema atakagua magari yote mawili Alhamisi, kwa macho yake. Ila akatahadharisha: rimu za Isack zinang'aa, za Ferdinand zinafanana na masufuria ya msibani.

Ferdinand hakumaliza pilau. Aliosha vyombo bila kuimba. Nikambana, akaniambia. Kule Masasi alikuwa akimpeleka Benjamin shule kwa baiskeli, mtoto amekaa kwenye keria, kila siku, mwaka mzima. Akamwahidi kwamba siku ya harusi yake atambeba yeye mwenyewe, tena kwa gari. Basi tu, mke wangu, akasema, ni maneno ya utotoni.

Nililia ndani ya beseni la vyombo. Nimeapa. Maharusi watapanda IST!

Jumatatu, 18 Agosti

Mungu huwapa njia wenye bando. Nimeona video! Kijana anapulizia rimu za gari lake rangi ya kopo, pshii pshii, chakavu inakuwa mpya. Na si rangi ya kawaida: ikikauka inakuwa kama mpira, siku ukiichoka unaibandua yote. Unafanyia nyumbani kwako. Fundi wa nini!

Nikaenda hadi Rangi Tatu, kwenye duka la urembo wa magari la kaka mmoja anaitwa Rogers. Kaka mwenye maelezo marefu. Akasema nisafishe rimu mpaka ziombe radhi. Nichomeke karatasi ngumu kati ya rimu na tairi, rangi isiguse tairi. Nipige tabaka nene, tano au sita, kopo moja kwa kila gurudumu. Karatasi nizivute rangi ikiwa bado mbichi. Na siku nikichoka, itabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Nikamwambia mimi na Ferdinand hatuchokani. Akasema anazungumzia rimu, dada.

Tatizo: ya dhahabu yalibaki makopo mawili tu. Na la zambarau moja. Nikataka kukata tamaa. Halafu nikashtuka: zambarau na dhahabu! Si ndizo zilikuwa rangi za harusi yetu? Kweli, za Benjamin ni kijani na dhahabu, lakini nusu si haba. Magurudumu ya kushoto nitayapiga dhahabu, ya kulia zambarau. Hakuna mtu duniani anayeona pande mbili za gari kwa wakati mmoja. Hata wenye magari hawajawahi kulifikiria hili!

Ferdinand sijamwambia. Ni sapraizi. Yeye huenda kazini na basi la kampuni, gari linabaki nyumbani Jumatatu hadi Ijumaa likinitazama.

Jumanne, 19 Agosti

Nimesugua rimu kutwa. Sabuni ya unga, waya wa kusugulia sufuria, na kwenye kona ndogo ndogo mswaki wa Ferdinand. Ule wa zamani. Nadhani ule ndio wa zamani.

Dada Mwanaasha, mpangaji mwenzetu anayekaanga vitumbua, aliweka kigoda aniangalie kama tamthilia. Akauliza ni bi harusi gani huyu, wenzake wanapaka hina yeye anapaka grisi. Akasema kwao Kilwa mwali haruhusiwi hata kuchota maji siku arobaini, na mie hapa naoga na tairi. Nikamjibu kwamba mapenzi ni vitendo. Akasema sawa, lakini vitendo hivyo vina harufu.

Jioni Ferdinand alipiga mswaki akasema dawa ya meno siku hizi ina ladha ya chuma. Nikabadilisha mada. Nikamwuliza habari za kazi na uso wake ukachanua! Alhamisi ya wiki ijayo ameitwa ofisi kuu, huenda akapandishwa awe msimamizi wa stoo. Akanionyesha bahasha ya kaki juu ya kabati. Makaratasi yake yote yako humo, akasema, nisiiguse hata kwa kufuta vumbi. Nimemwahidi. Niiguse ya nini? Mume msimamizi wa stoo! Nilishindwa kumalizia chai.

Jumatano, 20 Agosti

Siku kubwa! Naandika vidole vikiwa zambarau.

Basi lilipomchukua tu Ferdinand nikaanza. Karatasi ngumu nizipate wapi? Nikapekua nyumba nzima. Ndipo nikakumbuka boksi la viatu chini ya kitanda. Kadi za mwaliko zilizobaki za harusi yetu! Nene, ngumu, kama zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Moyo ukasita. Nipulizie rangi jina la Ferdinand? Mkono ungekauka! Lakini nikapata hekima: kadi zimelala kifudifudi ndani ya boksi. Nikazichomeka vilevile, uso kwenye tairi, mgongo kwenye rangi. Sikugeuza hata moja. Nilijua nikiyaona majina yetu nitalia, na machozi na rangi havipatani.

Kumi na tano kila gurudumu, zimezunguka rimu kama alizeti. Nikapuliza! Pshii! Dhahabu nene, tamu, tabaka sita. Upande wa kulia kopo moja la zambarau likagawana magurudumu mawili, kwa hiyo tabaka zikawa mbili, labda moja na nusu. Hata likabaki kidogo chini ya kopo nikaona nisimalize vyote kwa pupa. Dada Mwanaasha akapiga kelele kwamba vitumbua vyake vinanukia kituo cha mafuta. Kuku wake mmoja alipita nyuma ya gurudumu wakati usiofaa. Sasa ana mkia wa dhahabu na hachanganyiki na wenzake.

Kisha Ferdinand akanipigia simu. Mapumziko ya mchana! Tuliongea mpaka salio likatuachanisha. Niliporudi rangi ilikuwa imekauka kavu. Rogers alisema nivute kadi ikiwa mbichi, lakini Rogers hajaolewa na Ferdinand. Nikazivuta. Kingo za dhahabu zikainuka kidogo kama kucha inayotaka kung'oka. Nikazibonyeza kwa dole gumba. Zikatulia. Haionekani kabisa!

Baada ya hapo nikachukua kadi ya kwanza nibusu jina la mume wangu. Nikafumba macho, nikabusu. Nikafumbua.

Benjamin na Monica.

Nilikuwa nimembusu shemeji.

Nikageuza ya pili. Benjamin na Monica. Ya tatu. Ya kumi. Zote! Maboksi ya viatu yako mawili chini ya kitanda, la viatu vyangu vya harusi na la vyake, duka moja, mfuniko mmoja. Nimechukua la kwake. Ni kadi za watu wa Mbagala waliomalizia mchango mwishoni, pamoja na za wanakamati wenyewe, kila moja ina jina kwa mwandiko wa Ferdinand. Na ukumbini bila kadi huingii, hata kama ulichangia ng'ombe. Ijumaa anatakiwa kuzigawa. Sitini!

Nikajiambia Adelina, tulia, rangi hii inabanduka. Kama ganda la yai. Nikabandua ya kwanza taratibu. Ikabanduka vizuri sana, pamoja na karatasi. Kadi ikabaki na tundu la kupitisha ngumi. Nikasoma jina: Mzee Gaudens, Mwenyekiti.

Nimefikiri. Mwenyekiti hahitaji kadi. Nani atamzuia mwenyekiti? Nimeitia kwenye jiko la mkaa. Zilizobaki zina migongo ya dhahabu ishirini na tisa, ya zambarau thelathini. Nyuso ni safi, majina yanasomeka. Kwa kweli zimependeza.

Alhamisi, 21 Agosti

USHINDI! Sijui nianzie wapi!

Nianzie jana jioni. Ferdinand alirudi akaona gari. Akaenda kushoto, akashika kichwa kwa furaha. Akaenda kulia, akashika kichwa tena. Nikamweleza haraka: dhahabu ya harusi yao, zambarau ya harusi yetu, ndoa kumbeba ndoa mwenzake. Akauliza, Ade, umeyafanya haya kwa mikono yako? Akavibusu vidole vyangu kimoja kimoja. Ninaishi ndani ya ndoto na kodi tumeshalipa.

Leo aliwahi kutoka kazini. Nikamwelekeza aegeshe gari upande wa kulia ukutani kwa dada Mwanaasha, karibu, bado, sogea, hapo. Mlango wa dereva ukawa haufunguki. Akatokea mlango wa abiria, kichwa kwanza, kama anazaliwa upya.

Kamati ikafika. Shikamoo Baba mdogo, marahaba mwanangu. Baba mdogo Gaudens akachuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto. Akaligonga kwa ufunguo. Akavua miwani. Akasema: "Hizi sasa ndizo rimu za watu." Akasema ukiliona gari hili linakuja unajua kabisa kuna mtu anaolewa.

Isack akauliza mbona gari limeegemea ukuta kama mlevi. Nikasema ni kivuli, shem, jua la Mbagala linaharibu dhahabu. Hakuridhika. Akataka kuzunguka aone upande wa pili. Akajichomeka kati ya gari na ukuta. Mguu ukaingia, bega likaingia, tumbo likakataa. Dada Mwanaasha akamwambia avute pumzi ndani, au asubiri Ramadhani. Uwanja mzima ulicheka, na safari hii hatukuchekwa sisi!

Uamuzi: IST itabeba maharusi. Gari la Isack litabeba ndafu. Uso wa Isack! Ningeweza kuupigia fremu.

Ferdinand alinibeba kutoka uwanjani mpaka mlangoni. Kisha akasema kesho ataomba ruhusa kazini agawe kadi. Nikasema hapana, mume wangu, wewe pumzika, nitagawa mimi, mke ni msaidizi. Machozi yakamlengalenga. Akasema hajui alimfanyia Mungu jambo gani jema mpaka akapewa mimi.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimegawa. Haikuwa rahisi.

Nilianza na dada Mwanaasha. Kadi yake, zambarau. Akaigeuza, akainusa, akauliza mbona nyuma imefutiwa magurudumu. Mdomo ukajisemea wenyewe: hiyo ni alama maalumu ya kamati. Maalumu namna gani? Nikasema wa zambarau watapakuliwa chakula kwanza. Akaitia kifuani papo hapo.

Jirani wa pili, Mzee Twalib mfyatua matofali. Yeye, dhahabu. Naye akauliza. Nikasema dhahabu ni meza za mbele kabisa, jirani na maharusi. Akafurahi. Tatizo ukuta wa matofali yake ni mfupi na masikio ya dada Mwanaasha ni marefu. Akaja mbio na mwiko mkononi. Yeye amemaliza mchango kabla Twalib hajajua kama Benjamin ana mchumba, leo Twalib akae mbele? Nikasema basi, dada yangu, na zambarau nao mbele. Mzee Twalib akauliza yeye atakaa mbele akiwatazama wenzake wanatafuna? Nikasema na dhahabu nao watapakuliwa kwanza.

Kila nyumba nikaahidi vyote viwili. Watu hamsini na tisa mbele, watu hamsini na tisa wa kwanza. Ukumbi ni mkubwa. Mbele nako, ukitazama vizuri, ni kupana.

Saa kumi wakaja kina mama wanne waliopewa kadi tangu wiki iliyopita. Nyeupe, safi. Wakauliza kwa uchungu: sisi tumekosa nini? Mbona zetu hazina kitu nyuma? Nikaona aibu. Nikatoa lile kopo la zambarau nikawapulizia hapo hapo mlangoni, pshii, pshii. Wakaondoka wakizipepea zikauke. Limebaki kidogo sana.

Ferdinand ameuliza kazi imeendaje. Nimemwambia watu wamezipokea kwa hisia kali.

Jumapili, 24 Agosti

Jana sikuandika. Nisingeweza kuishika kalamu.

Ibada Mbweni, nzuri, nililia kuliko mama wa bi harusi mpaka akanipa leso yake. Kisha maharusi wakaja kwenye IST! Wasimamizi walipanda gari jingine, maana IST ina mwisho wake. Mimi nikakaa mbele na mume wangu, mapajani nimepakata maua. Shangazi zake Monica wakawa upande wa kulia. Wakauliza zambarau hii ya nani, wakati sare ni kijani na dhahabu? Nikasema ni baraka ya harusi yetu, mashangazi. Mmoja akasema ningekuja na shela langu pia, baraka ingekamilika.

Msafara ukaanza kurudi Mbagala, kwenye ukumbi. Mbele pikapu la matarumbeta, kisha sisi, kisha basi la kina shangazi, nyuma kabisa Isack na ndafu. Ferdinand alikuwa akimwangalia Benjamin kwenye kioo. Hakuna aliyesema kitu kuhusu baiskeli. Lakini Benjamin aliinama akamshika kaka yake bega, akauliza kama keria haijalegea. Mimi nikaanza tena na ile leso.

Tulipokaribia Tegeta: pa! Pa! Pa pa pa pa!

Kitu kinapiga mlango wangu. Nikachungulia. Ule ukingo nilioubonyeza kwa dole gumba ulikuwa umeamua vingine. Dhahabu ya gurudumu la mbele imefunguka, ulimi mrefu, unalamba gari kila mzunguko. Ferdinand akakazana, nayo ikakazana. Wapiga matarumbeta wakadhani ni ngoma yetu, wakaingia kwenye pigo hilo hilo, pa pa pa pa, tarumbeta juu! Wapita njia wakacheza. Kisha gurudumu la nyuma likaitikia. Tukalazimika kusimama pembeni.

Isack akatufikia. Akashusha kioo taratibu, akifaidi kila sentimita. Ndafu kalala kiti chote cha nyuma, majani ya kijani mdomoni, kafungwa mkanda. Isack akasema kwa upole wa uongo: "Shem, poleni. Nafasi ipo. Bi harusi ahamie kwangu, atambana mbuzi kidogo tu."

Nikamwona Ferdinand. Mikono bado iko kwenye usukani. Akasema kwa sauti ndogo: "Benja, nendeni. Msichelewe kwa ajili yangu." Sijawahi kusikia moyo wangu ukikatika kwa sauti, jana niliusikia.

Monica akafungua mlango. Akashuka na gauni lake lote. Akamtazama mbuzi. Mbuzi akamtazama. Akasema yeye ametoka kwa baba yake kuja kuolewa, hakuja kupakuliwa. Akarudi ndani ya IST, akafunga mlango, pu! Huyo ndiye mke wa shemeji yangu! Nitampenda mpaka kaburini.

Ferdinand akavua koti la suti. Akapiga magoti barabarani, akashika ule ulimi wa dhahabu, akavuta. Ikaja! Yote! Kipande kimoja kizima, kama ganda la yai la kuchemsha. Rogers, mtu wa Mungu! Akaenda la nyuma, likaja vilevile. Kina shangazi walikuwa wameshuka kwenye basi kuja kulaumu, wakakuta mume wangu ameshika dhahabu mikono miwili. Nikaogopa. Lakini yule wa shela akanyakua kipande, akakichana utepe, akafunga kwenye boneti. Mwingine kwenye kioo. Mwingine akajifunga kiunoni. Vigelegele!

Tukaingia Mbagala riboni za dhahabu zinapepea pande zote, watu wamepanga mstari barabarani. Gari la Isack nyuma yetu hakuna aliyelitazama, isipokuwa mbwa. Tulipofika mlangoni Ferdinand akazima injini, akaniambia tu: "Nimemfikisha."

Ningeishia hapo. Lakini shajara lazima iwe ya kweli.

Mlangoni pa ukumbi walisimama mabaunsa wawili. Baba mdogo Gaudens akafika. Kadi, mzee. Akasema yeye ndiye mwenyekiti. Wakasema wenyeviti wameshaingia wengi. Na ni kweli, maana watu wangu wote wa dhahabu na zambarau walikuwa wamejaa meza za mbele mpaka kukaliana mapajani, kila mmoja amejitambulisha kama mtu maalumu. Dada Mwanaasha aliketi ubavuni mwa baba yake Monica, akimweleza maana ya zambarau. Baba mdogo akaingia kwa mlango wa jikoni, ameshika mguu wa nyuma wa ndafu, Isack ameshika wa mbele. Walipoimbiwa wimbo wa kukaribisha ndafu, naye akawa anakaribishwa. Alikula juu ya kreti la soda.

Leo mchana kikao cha dharura. Baba mdogo akaiweka mezani kadi moja yenye mgongo wa dhahabu, akauliza nani alitoa agizo hili. Mimi nikasimama. Ferdinand akasimama kabla sijamaliza kusimama. Akasema yeye ndiye katibu, kadi zilikuwa mikononi mwake, lawama ni yake. Hukumu: kuanzia sasa IST ni gari la ndafu la ukoo, kwa kila harusi, mpaka itakapozeeka. Isack akapiga makofi peke yake.

Ferdinand akasema asante. Tulipobaki wawili nikamwambia anisamehe. Akacheka! Akasema aliyetaka kumbeba ameshambeba. Mbuzi ni nyongeza tu.

Jumanne, 26 Agosti

Siku ya thelathini na moja ya ndoa! Mwezi mzima! Ferdinand ameniletea ua. La plastiki, ili lisinyauke kama mapenzi yetu, yaani mapenzi yetu ambayo hayanyauki.

Zambarau haibanduki. Nimejaribu kucha, kisu cha mkate, maji ya moto, mafuta ya taa. Rogers anasema tabaka nyembamba haivuliki, itabidi nizeeke nayo hivyo hivyo. Ferdinand anasema iache, inamkumbusha harusi yetu. Ila akanishika mikono, akaniangalia machoni, akaniapisha kwamba sitapulizia tena rangi gurudumu lolote. Nimeapa kwa moyo wote. Gurudumu lolote.

Kisha akaniambia mama mkwe anakuja Jumamosi kutoka Masasi! Mara ya kwanza nyumbani kwetu! Nikatazama nyumba kwa macho ya mama mkwe. Lile friji, jamani. Mlango umebanduka rangi, kutu kwenye mkono, linatia huzuni. Na kopo la zambarau bado lina kidogo ndani. Nimelitikisa. Lipo. Na friji si gurudumu.

Kazi ni ya nusu saa, kesho akishapanda basi. Ila nitahitaji karatasi ngumu za kukinga ule mpira wa mlango. Kadi zetu za harusi haziguswi, nimezifungia. Nikawa nimekaa hapa nawaza, macho yakapanda juu ya kabati. Ile bahasha ya kaki! Nimechungulia tu. Makaratasi mazuri ajabu, mazito, yana mihuri kabisa, mengine yana picha yake ya utotoni. Mume mzuri tangu shule! Aliniambia nisiiguse bahasha, na sitaigusa. Nitaiinamisha, karatasi zitoke zenyewe.

Nitazilaza kifudifudi, uso usidhurike. Alhamisi anapozihitaji zitakuwa zimesharudi ndani, na hatajua.

Safari hii nimejifunza, siyo kama juzi. Nitazivuta rangi ikiwa bado mbichi.